Jumamosi Ambayo Kabula Hakucheza

Tangu nirudi nyumbani kila mtu ananiuliza swali lile lile kwa namna yake. Mama anauliza kama nilikuwa nakula. Wenzangu wa chuo wanauliza kama nilijifunza chochote. Na wewe rafiki yangu Mghoi, uliyenipigia simu nikiwa bado kwenye treni, uliuliza tu, "Enhe, ilikuwaje?" Nimewajibu vipande vipande mpaka naona kila mmoja wenu ana safari yake kichwani, na hakuna hata moja iliyo yangu. Basi nimeketi niwaandikie yote kwa kufuata njia ilivyokwenda. Mambo ya pasipoti, mihuri na barua za chuo nimeyaacha; sijawahi kumwona mtu akicheka kwa sababu ya muhuri.

Kwa asiyejua: nasomea udaktari wa mifugo, na mwaka huu chuo kilinipeleka Tanzania, kwenye kliniki moja ya mifugo mjini Shinyanga, nikafanye kazi chini ya daktari mzoefu. Siku za kazi nilikuwa wa ng'ombe na mbuzi. Mwisho wa juma nilikuwa wa barabara.

## Voi hadi Shinyanga

Kutoka Voi nilipita Taveta, nikavuka mpaka, nikalala Arusha kwa rafiki wa dada yangu. Alfajiri nikapanda basi la Shinyanga. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Nzega, mcheshi, aliyepakata ndoo yenye kifuniko na hakuiachia hata tulipopita matuta. Tulipofika Babati alikuwa ameshajua jina langu, kabila langu, ninachosomea, na kwamba sina mchumba.

Mbele ya Singida basi lilianza kutoa mvuke kama birika, likasimama. Kondakta akashuka, akachungulia injini, akatangaza, "Dakika kumi tu, jamani."

Kwetu dakika kumi za kondakta ni kama nusu saa. Za huyu zilitosha mtu kufua. Nawaambia kweli: abiria mmoja alifua shati lake kwenye bomba la jirani, akalianika juu ya kichaka, na tulipoondoka alikuwa amelivaa, kavu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyefoka. Watu walitandika khanga chini, wakaulizana habari za makwao kama waliokutana arusini.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama lishe na masufuria yake. Njaa ilikuwa imenishika, nikavuka.

"Nipe ugali na mboga," nikasema.

"Mboga gani?"

"Yoyote."

"Kuna nyama, kuna kuku, kuna samaki, kuna dagaa."

"Hapana, sitaki nyama. Nataka mboga."

Akaweka mwiko chini. "Ndiyo nakuuliza, mboga gani? Nyama, kuku, samaki..."

Tungezunguka hivyo hadi jioni kama mama wa Nzega hakuvuka na ndoo yake. Alisikiliza, akaangua kicheko. "Huyu mgeni anataka majani! Mpe mchicha." Ndipo nikajua kwamba upande ule mboga ni chochote kinachoshushia ugali, hata kama jana kilikuwa kinatembea. Tulipokuwa tunakula akaniinamia, akasema taratibu, "Halafu mwanangu, huku usiseme 'nipe'. Ukisema 'nipe' ni kama unamdai. Sema 'naomba'."

"Hata kama nalipa?"

"Hasa kama unalipa."

Shinyanga tuliingia jioni. Mwenyeji wangu, Mama Zulekha, alikuwa ananisubiri mbele ya duka lake karibu na soko. Wazee wake walitoka Gujarati zamani kuja kuuza nguo. Yeye anauza kamba, majembe, kengele za ng'ombe na kila kitu ambacho mfugaji anaweza kukisahau nyumbani. Nyuma ya duka kuna ua, na kwenye ua kuna chumba alichonipangisha. Kabla hata sijatua mkoba, bibi mmoja aliingia kununua kamba. Mama Zulekha akamgeukia, "Mwadila, mayu," yaani salamu, mama, na wakazama katika Kisukuma kirefu cha vicheko na kugongana viganja.

Bibi alipotoka, Mama Zulekha aliniona nilivyomkodolea macho. "Sasa unashangaa nini? Baba yangu alizaliwa hapa hapa nyuma ya duka. Ulitaka niongee Kichina?"

Ndiye aliyenifundisha kusalimia. Asubuhi "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na ukipewa kitu, "wabeja". Kila asubuhi aliniwekea chai ya tangawizi na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, ambavyo unavitafuna hadi taya zinaomba ruhusa. Juma la kwanza nilivila kwa adabu. Juma la pili nilivificha mfukoni niende navyo kazini.

## Samuye

Daktari Masanja, msimamizi wangu, ni mtu mrefu asiyepandisha sauti hata ng'ombe akimkanyaga. Siku ya kwanza alinipeleka Samuye kuchanja. Vumbi, kengele, ng'ombe wa pembe ndefu wamejipanga kwenye kibanio cha miti, na wenye mifugo wamesimama kando wakinipima kwa macho. Nilitaka waone kwamba naijua kazi. Fahali mmoja akaanza kurusha kichwa. Karibu naye kulikuwa na mzee amevaa kofia ya sufu.

"Wewe mzee! Shika hizo pembe!" nikapaza sauti.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata fahali alituliza kichwa. Mzee hakusogea.

Daktari Masanja akanivuta kando. "Mkenya," akasema kwa upole, "fahali amekusikia. Lakini mzee amekusikia zaidi."

Masikio yangu yaliwaka. Nilirudi, nikapiga goti kidogo kama nilivyoona mabinti wa pale wakifanya, nikasema, "Shikamoo, baba. Mwangaluka. Naomba unisaidie." Kiswahili, Kisukuma na woga vikatoka kwa pamoja. Mzee alinitazama, midomo ikaanza kumcheza.

"Marahaba. Umetoka wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

"Kenya."

"Aaa." Akawageukia wenzake, akawaeleza kitu kwa Kisukuma, nao wote wakatikisa kichwa kwa huruma kama waliosikia nimefiwa. Kisha akashika pembe. Jioni, tulipokuwa tunafunga vifaa, alimtuma mkewe aniletee mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, "maana safari ya kwao ni ndefu."

Shikamoo zilinipa taabu ya aina nyingine. Kijana aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima alinikuta kwenye duka la Mama Zulekha, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, dada." Nikajibu, "Poa." Mama Zulekha alicheka hadi akashika mlango.

## Maganzo

Nkwimba ndiye rafiki niliyempata pale kazini. Anatunza stoo ya dawa, ananizidi umri kidogo, na akicheka hutumia mabega. Jumamosi moja aliniambia, "Twende Maganzo ukaone watu wanaotafuta almasi." Ni mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Mwanza. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni nyama ya mbuzi ya kuchoma ambayo nilikuwa nimesifiwa sana.

Nkwimba akaenda kumtafuta shangazi yake sokoni, akaniacha kwenye benchi la muuza nyama. Sijamaliza mfupa wa kwanza, akaja kijana mmoja mtanashati, miwani ya jua imepanda kwenye nywele. Akakaa karibu, akatazama barabarani kama asiyeniona.

"Dada, nimesikia lafudhi. Wewe si wa huku."

"Natoka Kenya."

"Nilijua." Akashusha sauti. "Mzigo upo."

"Mzigo wangu ni huu tu," nikamwonyesha mkoba.

Akautazama mkoba kwa makini, macho yakamtoka. "Wote huo?"

"Wote. Mwingine nimeuacha Shinyanga, kwa mama mmoja mwenye duka."

"Mhindi?"

"Ndiyo."

Akafuta jasho. "Dada, wewe ni mtu mzito. Subiri hapa hapa." Akatoweka, akarudi na mzee mmoja aliyenipa mkono kwa mikono miwili na kuniagizia soda. Wakati huo mimi najiambia, hawa watu wana ukarimu jamani. Mzee akatoa kikaratasi, akakikunjua taratibu. Ndani kulikuwa na kitu kidogo chenye rangi ya barafu chafu.

"Unaonaje?"

Nilidhani ananitaka ushauri wa kitabibu. Nikainama, nikakitazama vizuri. "Kimetoka kwa mnyama gani?"

Hapo ndipo Nkwimba alipofika. Alipoeleweshwa alicheka hadi akakaa chini. Mzigo, kwa lugha ya madalali wa pale, ni mawe, yaani almasi. Mzee naye alipojua kwamba tajiri wa Kenya ni mwanafunzi wa kuchanja ng'ombe alikunja kikaratasi chake, akanitazama, na badala ya kuninyang'anya soda akaagiza na nyama. "Ana sura ya kununua," akamwambia Nkwimba kwa masikitiko. Tulikula pamoja wote wanne. Kijana wa miwani aliniuliza mbwa wake anayejikuna sana ana tatizo gani, na hilo nililijibu vizuri.

## Kahama, kisha Kharumwa

Wiki za mwisho Nkwimba akanialika kwao Kharumwa. Mavuno yalikuwa yameisha, na baada ya mavuno Usukumani ni ngoma. Mjomba wake, Ng'wandu, ni manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kundi la ngoma, na Jumamosi ile kundi lake lilikuwa linashindana na kundi la kijiji cha pili. Mashindano yenyewe ni rahisi kuyaelewa: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wanakimbilia kunakovutia. Mwisho, penye umati mkubwa ndipo penye ushindi.

"Ila mjomba ana wasiwasi," Nkwimba aliniambia tukiwa njiani. "Kabula anaumwa. Ngozi inamsumbua, na macho hayaoni vizuri. Nimemwambia nakuja na daktari."

"Nkwimba, mimi ni wa mifugo. Wampeleke hospitali."

"Hospitali watamkubali wapi?"

Nikaona huzuni. Kabula ni jina la binti huko, hupewa waliozaliwa wakati wa mvua. Nikawaza ni binti anayecheza vizuri, maskini, mwenye ugonjwa wa ngozi ambao watu wanamwogopa, na hospitali zinamkataa. Tulipobadilisha gari Kahama niliingia duka la dawa nikamnunulia mafuta ya kupaka na sabuni isiyo na harufu. Njia nzima ya vumbi hadi Kharumwa nilikuwa natunga maneno ya kumfariji.

Kwa Manju Ng'wandu tulipokewa Ijumaa hiyo kwa vigelegele. Yeye mwenyewe ni mtu mdogo wa umbo, mwenye mikono isiyotulia, anayetembea kama anayesikia ngoma ambayo wengine hatuisikii. Tulipewa maji ya kunawa, maziwa ya mgando na ugali wa mtama. Sikutaka kula sana kabla ya kumwona mgonjwa.

"Naomba nimwone Kabula," nikasema. Mnaona, nilikuwa nimejifunza.

"Twende, daktari."

Akanipeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na sanduku kubwa la mbao. Nikatazama kona zote nikitafuta kitanda. Manju akapiga magoti, akafungua kifuniko, akasema kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto, "Kabula, daktari amekuja."

Kabula akainua kichwa. Alikuwa chatu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nkwimba anasema nilipita juu yake. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa nyumba, mafuta ya kupaka mkononi, na kuku wote wamekimbia upande mmoja.

"Kwani hukujua?" Nkwimba akauliza, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kila mtu anamjua Kabula! Mjomba hucheza naye shingoni!"

Nyinyi mnanijua. Mnakumbuka siku ile shuleni nilipoukimbia mpira wa kumwagilia bustani nikidhani ni nyoka. Nyoka na mimi hatujawahi kukaa chumba kimoja kwa hiari yangu. Lakini Manju Ng'wandu alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mikono imetulia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa ule ule ninaouona kila siku kwa watu wanaoleta mnyama wao kliniki. Hacheki. Anangoja kuambiwa.

"Nimemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya viatu," akasema. "Wale wa kijiji cha pili wamemfanyia kitu. Wamemfumba macho."

Nikampigia Daktari Masanja. Alikuwa kwenye sherehe. Nilisikia spika nyuma yake. Nilipomweleza alicheka muda mrefu kidogo kuliko ninavyoona inafaa kwa msimamizi. Kisha akawa daktari. Aliniuliza rangi ya macho, hali ya ngozi, kama anapumua vizuri, kama kuna kidonda mdomoni. Ikabidi nirudi ndani nikatazame. Manju alimshika kichwa, nami nikatazama kutoka mahali ambapo mkono wangu ungehitaji kurefuka sana kumfikia. Ngozi ilikuwa imechakaa na kubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Macho yalifunikwa na utando wa bluu hafifu.

"Ngozi ya zamani imemng'ang'ania," akasema Daktari Masanja. "Kiangazi, hewa kavu. Mtie kwenye maji ya uvuguvugu, muda mrefu, kichwa kikiwa nje. Halafu gunia lililoloa, ajisugue mwenyewe humo ndani. Msivute ngozi, na hasa ya macho msiiguse kabisa. Na asichezeshwe kesho. Haoni. Akishtuka atajiumiza au atamuumiza mtu."

Tukapasha maji, tukajaza karai kubwa. Manju na vijana wake wakamshusha Kabula majini, na mimi nilikuwa napima joto la maji kwa kiwiko, upande wa mkia. Baadaye wakamwingiza kwenye gunia lililoloa, wakalifunga kwa kamba laini, wakaliweka ndani ya sanduku.

"Vizuri," akasema Manju. "Kesho mchana atakuwa tayari."

Nkwimba akanikonyeza niseme taratibu. Nilitafuta maneno ya adabu yote niliyofundishwa Singida, Shinyanga na Samuye. Sikuyapata.

"Hapana, baba," nikasema. "Kesho hachezi."

Vijana wakatazama chini. Nkwimba akaanza kuyalainisha maneno yangu, "Mjomba, daktari anamaanisha labda..."

"Simaanishi labda," nikasema. "Haoni. Shikamoo, baba, naomba, wabeja, yote nasema. Lakini hachezi."

Manju Ng'wandu alitoka nje. Sauti ya miguu yake ilizunguka nyumba mara kadhaa. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa chatu. Nilikuwa mgeni, nimekula ugali wake, na nimemnyang'anya mashindano mbele ya vijana wake. Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Watu wanatoka mbali kumwona Kabula. Kesho nitawaonyesha nini?"

Akaitazama miguu yangu.

"Kenya huko hamchezi?"

"Tunacheza."

"Basi," akasema, akaenda kulala.

## Uwanjani

Nilidhani ni utani hadi nilipovalishwa njuga.

Uwanja ulikuwa umejaa tangu jua lilipokuwa kichwani. Ngoma za pande mbili zilikuwa zinagombana juu yetu, karanga zinauzwa, akina mama wamebeba miavuli ya rangi zote. Kundi la kijiji cha pili lilikuwa na vijana waliorusha majembe hewani wakiyadaka mgongoni, na jamaa mmoja aliyecheza amesimama juu ya mabega ya mwenzake. Walikuwa wazuri, siwafichi. Kila walipodaka jembe, kipande cha umati wetu kilihama. Mtu aliuliza kwa sauti, "Kabula yuko wapi?" na walipoambiwa anaumwa, kipande kingine kikahama.

Manju Ng'wandu akachukua kipaza sauti. Alisema maneno mengi ya Kisukuma, na katikati yake nikasikia "Mkenya". Nkwimba akanisukuma.

Nikaingia. Ngoma ya kwetu Taita niliicheza mara ya mwisho darasa la saba, kwenye tamasha la shule, na nilikuwa mstari wa nyuma. Lakini mabega yanakumbuka. Nikaanza kwa miguu, njuga zikaitika, nikatupia mabega. Wapiga ngoma walinitazama, wakapunguza mwendo wao, wakanitafuta, wakanipata. Umati ukapiga yowe. Watu wakaanza kuvuka uwanja mbio, wengine wamebeba watoto, kuja kumwona Mkenya.

Ng'ambo, manju wao alinyamazisha ngoma zake, akaimba peke yake mstari mmoja, na uwanja wote ukavunjika mbavu. Nikamuuliza Nkwimba amesema nini.

"Amesema nyoka wetu kakimbilia Nairobi na Nairobi wametuletea huyu."

Hata mimi nilicheka, nikapoteza hatua. Umati ukaanza kurudi kwao. Hapo bibi mmoja mwembamba wa upande wetu, aliyekuwa ameketi muda wote na kapu la michembe, aliinuka, akalikabidhi kapu kwa mwenzake, akaja kusimama mbele yangu. Akayatazama mabega yangu kama mtu anayesoma. Kisha akayafanya. Sawa sawa kabisa, ila vizuri zaidi. Akina mama wengine wakaingia. Muda si mrefu duara letu lilikuwa na wachezaji wengi kuliko watazamaji, na vumbi limepanda hadi miavuli haionekani, na Manju Ng'wandu katikati anaimba huku anaruka kama aliyerudishiwa miaka yake.

Tulishindwa. Naomba niseme wazi, kwa sababu Nkwimba akihadithia anasema tulitoka sare. Wazee walizunguka, wakatazama pande zote mbili, wakaelekeza fimbo kwa wale wa majembe. Manju wetu alinuna hadi alipomaliza chupa ya soda. Kisha manju wa upande wa pili akaja kumpa mkono, akamuuliza hali ya Kabula, na akauliza kwa dhati, bila utani. Walisimama muda mrefu wakiongea habari za nyoka, vichwa vimekaribiana. Habari za kufumbwa macho sikuzisikia tena.

Jumapili asubuhi Manju alinigongea mlango. Alinishika kiwiko, akanipeleka kibandani. Gunia lilikuwa wazi. Kando yake ilikuwapo ngozi ya zamani, ndefu, nyepesi kama ganda la kitunguu, imevuliwa nzima kuanzia midomoni, na penye macho palikuwa na vijidirisha viwili vidogo. Kabula mwenyewe alikuwa amejikunja kwenye sanduku, kahawia na nyeusi, anang'aa kama kitu kilichotoka kupakwa mafuta. Macho yake yalikuwa meusi, safi. Alinitazama. Kwa kweli alinitazama.

"Mguse," akasema Manju.

"Baba, mimi..."

"Umemtibu kwa mbali. Sasa mguse."

Alimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanishika kifundo cha mkono, kama unavyomwongoza mtoto kuandika. Nilidhani atakuwa baridi na utelezi. Hakuwa hivyo. Alikuwa mkavu, laini, na chini ya ngozi ile mpya nilihisi nguvu ikipita polepole kama maji kwenye bomba. Nililia kidogo. Manju Ng'wandu alijifanya anatafuta kitu kwenye dari.

## Geita, Mwanza na nyumbani

Shinyanga nilikuwa nimeshaaga na mizigo yangu yote nilikuwa nayo, hivyo kutoka Kharumwa nilienda Geita moja kwa moja. Basi la Mwanza lilichelewa, nikakaa stendi karibu na mchimbaji mmoja wa dhahabu, pande la mtu, buti zimejaa tope jekundu. Kwenye kiganja chake alikuwa ameshika soksi ndogo sana za manjano.

"Dada, samahani," akasema. "Mtoto akizaliwa, miguu yake inakuwa mikubwa kiasi gani?"

"Mimi ni daktari wa ng'ombe, kaka."

"Basi unanizidi."

Mkewe alikuwa amejifungua Mwanza, na yeye alikuwa hajamwona mtoto. Tulizijadili zile soksi hadi basi likaja, na ndani ya basi alizionyesha kwa kila aliyekaa karibu. Abiria walitoa maoni. Tulipovuka ghuba kuingia Mwanza tulikuwa tumekubaliana sote kwamba zitamtosha, na kondakta alikuwa amependekeza jina. Mwanza stendi alishuka mbio bila kuaga. Nilimwona akipita kati ya watu, mkono mmoja juu, soksi zikipepea.

Baada ya hapo ni Sirari, mpaka, Kisumu, Nairobi, treni, Voi. Nililala sehemu kubwa ya njia, na hapo ndipo uliponiamsha wewe Mghoi.

Nimebakiza moja. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni namsaidia Mama kukaanga vitunguu, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Nkwimba, lakini hakuongea. Nilisikia ngoma tu, kishindo cha miguu, na vigelegele. Nikaweka simu juu ya meza, nikaongeza sauti. Manju Ng'wandu alikuwa anaimba, na watu wanamwitikia. Sikuelewa mstari hata mmoja, hadi likapita neno "Mkenya", na umati ukacheka. Likapita tena, na ukaitikia kwa nguvu.

Mama akazima jiko. "Wanasema nini?"

"Sijui."

Ndipo Nkwimba akapiga kelele kwenye simu, sauti yake imekauka kwa vumbi. "Unasikia? Wote wamehamia kwetu! Upande wa pili amebaki mpiga ngoma peke yake, na yeye anachungulia!"

"Na Kabula?"

"Yuko shingoni kwa mjomba," akasema. "Anacheza."